Kuhamisha ISA: kwa nini pesa zisizotozwa ushuru hutembea polepole

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, ingawa mtu akisoma mpaka mwisho ataona kwamba sikwenda mbali sana nayo.

Februari 2025 dada yangu mkubwa alinipigia simu usiku. Yeye ni muuguzi Leicester, Uingereza, na kwa miaka kumi amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo akinuia kurudi nyumbani na kujenga Kakamega. Akiba hiyo ilikuwa imefika pauni 52,000, zote zikiwa kwenye akaunti isiyotozwa ushuru katika benki moja yenye tawi karibu na kazini kwake. Riba aliyokuwa akipewa ni asilimia 1.1 kwa mwaka. Mwenzake wa zamu alimwonyesha kwenye simu kampuni ya mtandaoni iliyokuwa ikitoa asilimia 4.4 kwa akaunti ya aina hiyo hiyo.

Piga hesabu. Tofauti ni asilimia 3.3, yaani pauni 1,716 kwa mwaka. Hizo ni mabati, saruji na fundi wa wiki kadhaa.

"Kesho natoa zote naziweka kwa akaunti yangu ya kawaida, halafu natuma kule," akaniambia. "Dakika tano tu. Wewe mtu wa kompyuta, kuna shida?"

Nikamwambia, "Dada, ngoja kwanza. Usitoe hata senti."

Hakufurahi. Sisi Wakenya tumezoea kutuma pesa kwa simu tangu M-Pesa ianze Machi 2007. Mtu akiambiwa kwamba kuhamisha pesa zake mwenyewe, kutoka benki moja hadi nyingine, ndani ya nchi moja tajiri, kunahitaji fomu na siku kumi na tano za kazi, anaona anadanganywa. Kwa hiyo nilikaa nikasoma historia ya akaunti hizi, kwanza kwa ajili yake, na baadaye kwa sababu niliona humo tatizo ambalo kila mtengeneza programu analijua.

Tatizo lenyewe ni hili. Ndani ya akaunti ya kawaida kuna kitu kimoja: salio. Ndani ya akaunti isiyotozwa ushuru kuna vitu viwili: salio, na muhuri usioonekana unaosema pesa hizi serikali haizigusi. Salio unaweza kulituma popote. Muhuri hauwezi kutumwa kama salio. Ukitoa pesa kwa mkono wako, muhuri unabaki hewani na kupotea. Ukitaka kuupata tena lazima uingize pesa upya, na kila mwaka kuna kikomo cha pesa unazoruhusiwa kuingiza.

Kikomo hicho sasa ni pauni 20,000. Dada angetoa 52,000, angeweza kurudisha 20,000 tu mwaka huo, tena apunguze zile alizokwisha kuweka tangu Aprili iliyopita. Zaidi ya pauni 32,000 zingebaki nje.

Sitaki kumtisha mtu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Uingereza tangu Aprili 2016 inamwachia mlipa ushuru wa kiwango cha kawaida riba ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kumtoza. Pauni 32,000 kwa asilimia 4.4 zinazaa 1,408. Ushuru ungekuwa asilimia 20 ya zile 408 za juu, yaani pauni 82 hivi. Si msiba. Lakini muuguzi akipandishwa cheo hadi kuingia kiwango cha juu cha ushuru, msamaha unashuka hadi pauni 500 na ushuru unapanda hadi asilimia 40, na hapo ni pauni 363 kila mwaka. Na muhuri wa miaka kumi hauwezi kununuliwa tena kwa siku moja.

Sasa tuingie kwenye historia.

Mwanzo wake ni Machi 1990. John Major, aliyekuwa Waziri wa Fedha kabla hajawa Waziri Mkuu, alisoma bajeti ya kwanza ya Uingereza kuonyeshwa kwenye televisheni. Ndani yake alitangaza akaunti iliyoitwa TESSA. Tayari kulikuwa na mpango mwingine, PEP, ambao Nigel Lawson aliutangaza mwaka 1986 na ukaanza Januari 1987, lakini huo ulikuwa wa hisa za makampuni, na mtu wa kawaida alikuwa akiweka pesa benki. TESSA ilianza Januari 1991 na ilikuwa ya mtu huyo. Unaweka mpaka pauni 9,000 kwa miaka mitano, 3,000 mwaka wa kwanza na mpaka 1,800 kila mwaka unaofuata, na usipogusa mtaji wako mpaka miaka mitano iishe, riba yote ni yako.

Ukigusa, muhuri unavunjika. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sheria ilikuwa kama ya chungu kilicho motoni: funika, usifunue. Kuhama kutoka benki moja hadi nyingine kuliruhusiwa, lakini lazima benki zenyewe zikabidhiane. Mwenye pesa hakutakiwa kuzishika njiani.

Chama cha Labour kiliposhinda mwaka 1997, Gordon Brown akaamua kuunganisha TESSA na PEP katika mpango mmoja. Jina lake ni Individual Savings Account, na kila mtu anaiita ISA. Mwishoni mwa 1997 serikali ilipendekeza kwamba mtu asiruhusiwe kuwa na zaidi ya pauni 50,000 humo maisha yake yote. Watu waliokuwa wamejaza PEP zao kwa miaka walipiga kelele, na Machi 1998 pendekezo hilo likatupwa. Lingepita, dada yangu angekuwa amegonga dari.

ISA ilianza tarehe 6 Aprili 1999. Kikomo kilikuwa pauni 7,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 3,000 tu ndizo zingeweza kuwa pesa taslimu benki. Zilizobaki ziende kwenye hisa. Kulikuwa na ISA "ndogo" na ISA "kubwa", na ukifungua ndogo huwezi kufungua kubwa mwaka huo huo. Mchanganyiko huo uliwasumbua watu kwa miaka tisa mpaka ulipofutwa Aprili 2008.

Labda umejiuliza mbona tarehe 6 Aprili. Kama una tarakilishi yenye Unix au Linux, andika `cal 9 1752` uone. Tarehe 2 Septemba inafuatwa na tarehe 14. Siku kumi na moja hazipo. Mwaka huo Uingereza iliacha kalenda ya zamani ikafuata hii tunayotumia, na hesabu za serikali zilizokuwa zikifungwa karibu na 25 Machi zikasogezwa ili mlipa ushuru asipunjwe siku kumi na moja. Mpaka leo mwaka wa ushuru wa Uingereza unaisha tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo mama anayehesabu pauni zake za ISA kwenye simu mwaka 2025 anafuata marekebisho yaliyofanywa miaka 273 kabla. Sisi tukiona programu ya miaka ishirini bado inatumika tunashangaa!

Tukirudi kwenye muhuri, kilichonivutia zaidi ni jinsi mpango mzima ulivyoundwa. Ningepewa mimi kazi hiyo ningefikiria hifadhidata moja kubwa ya serikali: kila mtu na namba yake, kila shilingi anayoweka inaandikwa, kikomo kikifika mlango unafungwa. Uingereza haikufanya hivyo. Hakuna daftari moja linalojua papo hapo wewe umeweka kiasi gani wapi. Kila benki inaweka hesabu ya wateja wake na kupeleka taarifa kwa idara ya ushuru baada ya mwaka kuisha. Mteja anapofungua akaunti anatoa namba yake ya Bima ya Taifa, ile yenye herufi mbili, tarakimu sita na herufi moja mwishoni, na anatamka kwamba hatazidisha kikomo. Serikali inamwamini, halafu inakagua baadaye.

Hiyo ina maana kwamba historia ya muhuri iko mahali pamoja tu: kwenye vitabu vya benki uliyo nayo. Umeingiza kiasi gani mwaka huu, tarehe ya kwanza kuingiza ilikuwa lini. Ukihama, benki mpya haiwezi kuyajua hayo kwa kutazama pesa. Pesa hazisemi. Lazima benki ya zamani iandike na kukabidhi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Unakwenda kwa benki mpya, si ya zamani, unajaza fomu ya kuhama na kuitia sahihi. Benki mpya inaituma kwa posta kwa ile ya zamani. Ya zamani inatafuta akaunti yako, inaifunga, inaandika hundi, inajaza karatasi yenye historia ya muhuri, inatia vyote kwenye bahasha. Benki mpya inapokea bahasha, inalinganisha hundi na karatasi na jina, halafu hundi inaanza safari yake ya kuiva.

Weka hilo akilini, kwa sababu wakati huo huo benki zilikuwa zikiingia mtandaoni kwa fujo.

Uingereza ilikuwa imeanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nottingham Building Society pamoja na Bank of Scotland walikuwa na huduma iliyoitwa Homelink. Mteja aliunganisha televisheni yake na laini ya simu kupitia mtandao wa Prestel, akaona salio lake kwa herufi kubwa kubwa kwenye skrini. Oktoba 1989 ikaja First Direct, benki isiyo na matawi, ya simu tupu, saa ishirini na nne. Oktoba 1998 kampuni ya bima ya Prudential ikaanzisha Egg kwa riba iliyowafanya watu wapange foleni ya simu, na mwaka uliofuata wateja wapya wakaambiwa wajisajili kwenye wavuti tu. Oktoba 1999 Co-operative Bank nayo ikaleta Smile. ING Direct ya Uholanzi ikafika mwaka 2003.

Hoja ya zote ilikuwa moja: sina jengo, sina karani wa dirishani, kwa hiyo nakupa riba nzuri zaidi. Na ilikuwa kweli. Lakini ukifungua ISA kwa dakika kumi kwenye wavuti inayong'aa, na una ISA ya zamani unayotaka kuihamishia huko, wavuti ilikuambia upakue fomu, uichapishe, utie sahihi kwa kalamu, ununue stempu. Ndani ya bahasha hizo mambo yalikuwa yale yale ya TESSA.

Nimesema M-Pesa ilianza Machi 2007. Pesa za kuijaribu zilitoka nusu kwa Vodafone na nusu kwa idara ya serikali ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, na programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Uingereza. Mfumo wa malipo ya haraka baina ya benki za Uingereza zenyewe, Faster Payments, ulianza Mei 2008. Kabla ya hapo malipo ya kawaida baina ya benki yalichukua siku tatu za kazi. Yaani mama mboga wa Gikomba alitangulia kwa zaidi ya mwaka kupokea pesa papo hapo, kuliko mwalimu wa Manchester. Napenda kuwakumbusha rafiki zangu wa huko jambo hili, nao hawapendi kulisikia.

Halafu ikaja Oktoba 2008, na hapa nitakaa kidogo.

Oktoba 2006 benki ya Iceland iitwayo Landsbanki ilikuwa imefungua huduma ya akiba ya mtandaoni Uingereza kwa jina la Icesave. Riba ilikuwa juu, magazeti yaliisifu, watu wakahamia. Kufikia 2008 ilikuwa na wateja wapatao 300,000 nchini Uingereza, karibu sawa na watu wote wa Iceland. Fikiria hilo. Nchi nzima ikiwa imechukua akiba ya watu wengi kama raia wake, kupitia wavuti.

Tarehe 7 Oktoba 2008 Landsbanki iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Iceland. Mtu aliyejaribu kutoa pesa zake Icesave hakuweza. Hapakuwa na mlango wa kugonga wala meneja wa kukabiliana naye. Kulikuwa na ukurasa wa wavuti tu. Kesho yake serikali ya Uingereza ilizuia mali za Landsbanki nchini humo kwa kutumia sheria ya mwaka 2001 ya kupambana na ugaidi na uhalifu, jambo ambalo Waiceland hawakulisahau upesi. Siku hiyo hiyo Alistair Darling, Waziri wa Fedha, alisema wenye akiba wa kawaida watalipwa chote, ingawa kinga ya kisheria ilikuwa na kikomo: pauni 35,000 mpaka siku chache kabla, kisha 50,000.

Benki ya pili ya Iceland, Kaupthing, nayo ilikuwa na huduma yake iitwayo Kaupthing Edge. Wateja wake wa Uingereza wapatao 160,000, wenye pauni bilioni 2.5 hivi, hawakufungiwa. Serikali iliwahamisha wote kwa amri hadi ING Direct. Watu walilala wakiwa wateja wa benki ya Iceland wakaamka wakiwa wateja wa benki ya Uholanzi. Hao hawakujaza fomu! Sheria ilisema wamehama, wakawa wamehama. Mimi niliyewahi kuhamisha hifadhidata ya chama kidogo cha akiba na mikopo usiku wa Jumamosi, nikaomba Mungu mpaka asubuhi, nawahurumia waliopewa kazi ya kuoanisha majedwali yale.

Na muhuri je? Hili ndilo swali lililonifanya nisome mpaka usiku wa manane. Mtu aliyekuwa na ISA katika benki iliyokufa, akalipwa fidia, anashika pesa mkononi. Kwa sheria ya chungu, muhuri umevunjika. Aanze upya na kikomo cha mwaka kimoja. Lakini hakutoa pesa yeye, benki ndiyo iliyokufa. Kanuni za ISA zikarekebishwa ili mtu aliyelipwa fidia aweze kuirudisha kwenye ISA nyingine bila kuhesabiwa kwenye kikomo cha mwaka huo. Kwa maneno mengine, benki ilikufa, wavuti ikazimwa, hata pesa zenyewe za awali zikapotelea kaskazini, lakini muhuri ukahesabiwa kuwa hai na ukavishwa pesa nyingine.

Nilipomweleza dada hivyo alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo hicho kitu kipo kweli," akasema. Nikamwambia kipo kuliko pesa.

Kilichobaki ni posta. Msimu wa kuhama ISA ni Machi na Aprili, kabla na baada ya tarehe 5, na kila mwaka bahasha zilirundikana. Watu walilalamika kwamba wanakaa wiki nyingi pesa zao hazionekani huku wala kule. Mwongozo wa wakati huo uliruhusu siku 23 za kazi, zaidi ya mwezi ukihesabu na wikendi. Machi 2010 shirika la kutetea wateja lililoitwa Consumer Focus lilipeleka lalamiko kuu kwa Office of Fair Trading, taasisi iliyokuwa ikisimamia ushindani wa haki. Kwa sheria ya huko, lalamiko la aina hiyo lazima lijibiwe ndani ya siku 90. Juni jibu likaja. Benki zilikubali kushuka hadi siku 15 za kazi kuanzia mwisho wa mwaka 2010. Baadaye bahasha nazo zikapata mpinzani: ujumbe wa kielektroniki kupitia Bacs, ule mfumo wa zamani wa malipo baina ya benki, unaobeba maombi, historia ya muhuri na pesa bila karatasi. Si kila mtoa huduma aliyejiunga, na ndiyo sababu mpaka leo kuna kuhama kunakoisha kwa siku chache na kwingine kunakosubiri posta.

Siku 15 za kazi bado ndizo mwongozo wa kuhamisha ISA ya pesa taslimu. Taasisi zote mbili zilizobishana juu yake zilifungwa mwaka 2014.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Julai 2014 kikomo kikawa 15,000 na ukaruhusiwa kuweka zote benki ukitaka. Aprili 2016 zikaruhusiwa ISA za kunyumbulika, ambazo unaweza kutoa na kurudisha mwaka huo huo bila kuvunja muhuri, lakini kwa mtoa huduma yule yule, na si benki zote zinazotoa. Ya dada haikuwa hiyo. Aprili 2017 tukafika 20,000. Aprili 2024 ikaruhusiwa kulipia ISA zaidi ya moja za aina moja ndani ya mwaka mmoja, na kuhamisha sehemu tu ya pesa za mwaka huo; kabla ya hapo za mwaka huo zilihama zote au zikabaki zote. Na Novemba 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027 mtu aliye chini ya miaka 65 ataweza kuweka pauni 12,000 tu za pesa taslimu kwa mwaka ndani ya ile 20,000. Mzunguko unarudi karibu na fikra za 1999, serikali ikitaka tena watu wanunue hisa. Siipendi hatua hiyo. Muuguzi anayejenga Kakamega miaka mitatu ijayo hapaswi kusukumwa kwenye soko la hisa.

Nirudi kwa dada. Jumatatu tarehe 17 Februari 2025 alipakua programu ya ile kampuni mpya kwenye simu. Tuliangalia kwanza kama iko chini ya mfuko wa fidia wa Uingereza, ambao wakati huo ulilinda mpaka pauni 85,000 (tangu 1 Desemba 2025 ni 120,000). Baada ya Icesave hilo si swali la kuruka. Akafungua ISA bila kuweka kitu, akabonyeza sehemu ya kuhamisha kutoka kwingine, akaandika namba ya akaunti ya zamani, akachagua zote. Dakika kumi na mbili.

Tarehe 24 ikaja barua pepe: benki ya zamani imekataa. Taarifa hazilingani.

Namba ya Bima ya Taifa ilikuwa sawa. Tarehe ya kuzaliwa sawa. Anwani sawa. Nilimwambia anisomee jina lake jinsi lilivyoandikwa kila upande, herufi kwa herufi. Programu mpya ilikuwa imesoma pasipoti yake: majina matatu, la mwisho la mume. Benki ya zamani, mwaka 2015, karani alikuwa amechukua jina la kati, lile la babu yetu, akaliweka kama jina la ukoo, na la tatu akaliacha. Kwa miaka kumi kadi ilifanya kazi, mshahara uliingia, hakuna aliyejali. Siku mashine mbili zilipotakiwa kulinganisha mtu mmoja, hazikumtambua.

Wenye majina matatu mnajua. Mfumo wa huko una sanduku la jina la kwanza na sanduku la ukoo, na sisi tunajikunja kuingia. Nimeandika programu za namna hiyo mwenyewe, na nakiri kwamba nami niliwahi kuweka masanduku mawili tu, hapa hapa Nairobi, bila aibu.

Ilibidi aende tawini Jumamosi tarehe 1 Machi na cheti cha ndoa na pasipoti. Karani alikuwa mwema lakini alimshauri, kwa nia nzuri kabisa, kwamba kama ana haraka atoe tu pesa azitume mwenyewe. Dada akamjibu hapana, asante, na akanisimulia jibu hilo kwa fahari kubwa.

Jumatatu tarehe 3 Machi akaomba upya. Alhamisi tarehe 13, siku ya nane ya kazi, alikuwa kwenye basi akirudi kutoka zamu ya usiku simu ilipolia. Pauni 52,000 na riba yake ndogo ya mwisho, na chini yake mstari mwembamba ulioonyesha kiasi alichoweka mwaka huo wa ushuru: 3,600, kama kilivyokuwa upande wa kule. Alinitumia picha ya skrini. Mimi niliukuza ule mstari wa chini, yeye alitaka nione wa juu.

Anapanga kurudi. Akishaondoka Uingereza hataruhusiwa kuingiza pesa mpya kwenye ISA baada ya mwaka wa ushuru anaohama kwisha, lakini iliyopo anaweza kuiacha, ikabaki na msamaha wake kwa ushuru wa Uingereza, na hata kuihamisha tena kwa mtoa huduma mwingine akiwa Kakamega. Kwa siku hiyo ameandika kwenye karatasi majina yake yote matatu, kwa mpangilio ule ule ulio kwenye akaunti mpya, akaibandika ndani ya mlango wa kabati.